Mama Siri na Mayungiyungi ya Namuwongo

Katika nyumba ya Bi Rahima, Old Kampala, hakuna aliyeruhusiwa kusema "mimi hapana kula". Bi Rahima alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa pwani waliofika Buganda zamani na misafara, na mumewe, Maalim Mahmoud, alisomesha watoto Kurani barazani. Kiswahili cha kambini, cha kukatakata maneno kama kuni, kilimuudhi kuliko moshi wa jikoni. Nalugwa alipoingia katika nyumba hiyo, msichana wa kufua na kupika asiyejua lugha nyingine ila Kiganda, alifundishwa kuchambua mchele, na alifundishwa pia kukataa chakula kwa adabu.

"Usiseme 'hapana kula'. Hiyo lugha ya askari. Sema 'sili'."

"Siri," alisema Nalugwa.

"Si-li."

"Si-ri."

"Ulimi juu, mwanangu! Wewe huli, au unatuficha kitu?"

Jikoni kote wakacheka, na Nalugwa akacheka nao. Ulimi uliolelewa kwa Kiganda, ikitangulia sauti ya i, huiacha l na kuikimbilia r bila kumuuliza mwenyewe. Mengine yote aliyashika. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mjane mtu mzima mwenye nyumba yake ya udongo Namuwongo, chini ya reli, bado alijivunia Kiswahili chake. Wenzake walibabaisha sokoni. Yeye alisema "sitaki", "siendi", "sijaona", kama mtu aliyezaliwa Mombasa. Hilo moja lilimshinda, na hakulijali. Katika maisha ya kawaida kosa dogo kama hilo halimdhuru mtu.

Lakini katika miaka ile ya utawala wa kijeshi, maisha hayakuwa ya kawaida.

Kazi iliyomlisha Nalugwa aliirithi kwa mama yake. Alitengeneza mumbwa, yaani vijiti vya udongo wa mfinyanzi uliokandwa pamoja na mitishamba, vikaanikwa kivulini mpaka vikawa vigumu. Mwanamke mwenye mimba husugua kijiti juu ya kigae chenye maji, maji yakageuka rangi, akayanywa. Kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake. Katika mchanganyiko wa kina Nalugwa hakikukosekana kiazi cha yungiyungi la buluu, ua la kinamasi ambalo majani yake hulala juu ya maji kama sahani, na lenyewe likasimama wima juu ya kikonyo chake, likafunguka asubuhi na kujifunga jua linapoanza kuinama. Kiazi hicho, walisema, hutuliza tumbo lisilotulia na kumshika mtoto mahali pake. Kama kilimshika kweli au hakikumshika, si jambo la kuamuliwa hapa. Wanawake walikinywa, wakalala usingizi, na usingizi katika miaka ile haukuwa kitu kidogo.

Mayungiyungi hayachimbwi kwa jembe. Nalugwa aliingia majini mpaka mapajani, akapapasa matope kwa vidole vya miguu kati ya mashina ya mafunjo. Aligusa tu shina ambalo ua lake limekwisha kuzaa na kumwaga mbegu. Akishang'oa kiazi, aliziba shimo kwa kisigino. Hizo zote zilikuwa kanuni za mama yake, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ilisemwa kwa maneno machache: anayechimba asile. Hata kuonja, hata kulamba kidole. Mama alisema mkono wa mtu aliyekula haumponyi mwenzake.

Wapo wanaozicheka kanuni za namna hii na kuziita ushamba. Wangefikiri kwanza. Mtu anayeingia majini kwa ajili ya tumbo la mwenzake ataondoka na kiazi kimoja au viwili. Anayeingia kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe ataondoka lini?

Utotoni mwa Nalugwa kinamasi kizima chini ya Namuwongo kilikuwa buluu asubuhi. Wasichana walivivunjavunja vikonyo vya maua bila kuvikata ngozi, vikawa mikufu shingoni. Kisha wakaja wachimba udongo wa matofali. Baada ya maduka kubaki matupu na sukari kuwa kitu cha kunong'onezwa, watu walikimbilia kinamasi kupanda magimbi, na hakuna wa kuwalaumu kwa njaa, ila kuna wengi wa kuwalaumu kwa pupa. Malori nayo yalioshwa huko, mafuta yakatanda juu ya maji. Mwishowe likabaki dimbwi moja tu lenye maua, ng'ambo ya reli, na karibu nalo askari wakaweka kituo cha kulinda njia ya treni. Watu wa Namuwongo wakaacha kupita upande huo.

Nalugwa pia angeacha, kama si Akidi.

Akidi alikuwa mke wa konstebo Otema, wakikaa katika nyumba za polisi kule Nsambya. Wote wawili walikuwa Waacholi, kabila ambalo watawala wa kijeshi hawakuliamini. Alikwisha kupoteza mimba mara mbili, na sasa alikuwa na ya tatu. Nalugwa alimpenda kwa sababu alikuwa mwanamke wa kucheka, na kicheko kilikuwa kimepungua mjini. Lakini siku alipomwendea safari hii, Akidi hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini, mkono tumboni.

"Mama, tumbo limeanza kuuma tena. Kama zile mara mbili za kwanza."

"Mumbwa niliyokuletea?"

"Imekwisha." Kisha akashusha sauti. "Ochan, yule rafiki wa Otema, aliitwa ofisini ajibu swali moja. Mpaka leo hajamaliza kulijibu. Otema akirudi jioni hasemi kitu. Anakaa tu akitazama mlango. Mimi nikimtazama yeye, tumbo linakaza."

Nalugwa hakuwa na dawa ya mlango. Alikuwa na dawa ya tumbo, au aliamini anayo, na kiazi kilikuwa kimemwishia.

"Nitaleta," alisema. "Wewe lala. Usichote maji, usifue."

Aliahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Siku iliyofuata, kulipokucha vizuri ili asionekane kama mtu anayejificha, alivuka reli na kikapu chake, mchana peupe. Maua yalikuwa yamefunguka. Nyuki walikuwa kazini. Aliingia, akapapasa, akang'oa viazi vichache, akaziba mashimo. Hakuona mtu. Alipokuwa akipanda tuta la reli, matope yakimtiririka miguuni, ndipo sauti ilipomfikia.

"Wewe mama! Simama! Mikono juu!"

Aliinua mikono, kikapu kikabaki juu ya kichwa chake, kimetulia. Walikuwa wawili: koplo mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na askari mrefu mwembamba aliyepiga miayo huku bunduki ikining'inia begani.

"Toka wapi?" koplo aliuliza.

"Hapo majini, afande. Nachimba dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya akina mama, afande."

Koplo akakishusha kikapu, akakipindua kwa buti. Viazi vikabingirika juu ya kokoto, vyeusi, vina matope na nywele za mizizi. Aliruka nyuma kidogo, kisha akaona aibu kuwa ameruka, na aibu hiyo ikamfanya mkali zaidi.

"Hii hapana dawa. Hii sumu. Nyinyi nataka kuua askari. Sisi nakunywa maji ya hapa!"

"Si sumu, afande. Haki ya Mungu."

"Kama hapana sumu, kula. Kula mimi naona."

Nalugwa alitazama kiazi mbele ya miguu yake. Alifikiri kwamba mtu akielezwa kwa adabu ataelewa. Akachagua Kiswahili chake kizuri kabisa, kile cha nyumba ya Bi Rahima.

"Mimi siri hii, afande."

Askari mrefu akaukata mwayo wake katikati. Koplo akakaza macho.

"Umesema nini?"

"Mimi siri hii," alirudia polepole, kama anayemsaidia mtu asiyejua lugha vizuri. "Tangu zamani."

"Siri tangu zamani," koplo akamwambia mwenzake.

"Hata mama yangu, afande. Nyumba yetu yote. Wote tunaochimba hapa, siri."

"Nyumba yote! Sikia huyu. Mama yake iko ndani, nyumba mzima iko ndani! Nani mkubwa yenu?"

"Mkubwa?"

"Mkubwa wa siri!"

Nalugwa alidhani anaulizwa nani aliyeweka katazo. "Ni mama yangu, afande. Yeye ndiye aliyetukataza. Lakini alikufa."

"Alikufa. Na mpaka leo nyinyi nafuata yeye?"

"Ndiyo, afande. Mpaka leo."

Aliona uso wa koplo unabadilika, lakini hakujua kwa nini. Alichojua ni kwamba kila neno alilotoa lilimsogeza mahali pabaya. Akaona aache maneno, atumie mikono. Akafanya anavyofanya mtu anayekataa tonge: akaufumba mdomo, akaufunika kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Umeona?" koplo akapiga kelele. "Umeona? Anafunga mdomo!"

Wakamkalisha juu ya mataruma ya reli, jua linamwangalia. Koplo alisema gari litakuja kumchukua. Hakusema gari la nani wala la kwenda wapi, na hapakuwa na mtu Kampala aliyehitaji kuambiwa. Kisha likaja swali aliloliogopa zaidi.

"Hii dawa napeleka kwa nani?"

Hapo alinyamaza. Angesema "Akidi", wangeuliza Akidi nani. Mke wa Otema. Otema kabila gani? Mlango ule ambao Otema aliutazama kila jioni, yeye Nalugwa ndiye angewaongoza mpaka hapo, na tumbo lililokaza lisingekuwa na haja tena ya dawa. Hakusema hajui, kwa maana ingekuwa uongo. Hakutunga jina la mwanamke mwingine, kwa maana angeweza kuwapo mwanamke mwenye jina hilo. Wengi katika miaka ile walijiokoa kwa kutaja jina la jirani, na wapo waliozeeka vizuri baadaye, wanasalimiwa njiani. Nalugwa alinyamaza tu.

"Mama Siri," askari mrefu alimtania, akichuchumaa karibu. "Mama Siri, nakaa wapi wewe? Namuwongo? Iko bwana kule, Mama Siri?"

Mama Siri. Jina lile likamwingia sikioni mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu akasikia ndani yake kicheko cha jikoni, Old Kampala, miaka mingi nyuma. Huli, au unatuficha kitu? Akaelewa yote aliyokuwa akiyasema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa fahari, mbele ya bunduki.

"Afande!" alilia. "Si siri! Si siri, ni si... si..." Akapeleka ulimi juu kama alivyofundishwa, akausukuma kwenye meno, na hofu ikausukuma ukarudi. "Ni siri!"

"Si siri, ni siri," koplo alisema. "Huyu nacheza na sisi."

"Hapana kula!" Ndipo alipoitupa lugha ya Bi Rahima na kuokota ile ya kambini. "Mimi hapana kula! Hii kitu, mimi hapana kula! Ndiyo maana ya maneno yangu, afande. Siyo siri. Hapana kula!"

Koplo akafikiri. Ilionekana kama ameelewa, na kwa kuelewa akawa mbaya zaidi.

"Hapana kula. Sawa. Kwa nini hapana kula kama hapana sumu?"

Hilo halikuwa na jibu ambalo mtu yule angelipokea. Kumweleza juu ya mkono na kuponya kungekuwa kumpa siri mpya. Kiazi kilikuwa palepale. Gari lilikuwa njiani, au halikuwa njiani; hakuna aliyeweza kujua. Akichukuliwa na gari, Akidi asingepata kitu. Akila, Akidi angepata kitu kilichoshikwa na mkono usiofaa. Nalugwa aligeuza mambo hayo mawili kichwani mpaka akaona koplo anaanza kufungua kamba ya buti yake ili amfunge nayo mikono.

Akachukua kiazi, akakifuta kwa gomesi, gauni lake refu, akauma.

Kilikuwa na unga, kichungu kidogo, na matope yalisagika kati ya meno. Alikitafuna chote huku machozi yakimtoka, na askari wale wakadhani ni machozi ya sumu. Wakakaa kumtazama aanguke. Hakuanguka. Treni ya mizigo ilipita, wakasogea, wakarudi kumtazama tena. Mwishowe yule mrefu, ambaye tumbo lake lilikuwa likinguruma tangu asubuhi kwa kuwa chakula chao hakikuletwa, akaokota kiazi, akakikwangua kwa kisu, akaonja upande.

"Koplo," alisema. "Hii chakula."

"Chakula?"

"Chakula kabisa. Kama kiazi ya nyumbani. Kupika hii na chumvi..."

Koplo akaonja naye. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho. "Kumbe siri yenyewe chakula! Watu ya hapa naficha chakula kwa maji! Mama Siri, wewe mchoyo! Haya, kwenda. Acha vyote hapa."

"Kimoja, afande. Nakuomba. Mgonjwa wangu."

Yule mrefu akamrushia kidogo kuliko vyote. Alipokuwa akiteremka tuta, Nalugwa alisikia nyuma yake wanavunja kuni, na sauti ya buti ikiingia majini.

Njia ya kwenda Nsambya aliijua kwa kufumba macho, lakini siku hiyo aliiona ndefu. Ilikuwa na ajabu yake: asubuhi alikamatwa kwa siri asiyokuwa nayo, na sasa alikuwa nayo kweli. Amekula. Hakuna aliyemwona ila askari wawili wasiojua maana yake. Angeweza kuponda kiazi, kukanda udongo, kumpa Akidi na tabasamu juu yake. Akidi angekunywa na kulala. Kunyamaza mbele ya koplo kulikuwa ni kumlinda Akidi. Kunyamaza mbele ya Akidi kungekuwa ni kujilinda yeye mwenyewe, na ingawa mdomo unaofumbwa ni uleule, hayo si kitu kimoja. Watu waliochanganya mambo hayo mawili ndio waliotufikisha pale tulipokuwa.

Alimkuta Akidi amelala juu ya mkeka. Aliketi sakafuni, hakutoa salamu ndefu.

"Mwanangu, nimekula."

"Umekula nini, mama?"

Akafungua kiganja, akamwonyesha kile kiazi kidogo, kisha akamweleza yote: koplo, neno lililomponza, gari, mkono uliokula. "Sikuwataja ninyi. Lakini dawa hii ikitengenezwa na mimi, sijui sasa ni dawa au ni matope. Nimeona heri ujue."

Mabega ya Akidi yakaanza kutikisika. "'Nyumba yetu yote, siri'? Uliwaambia hivyo?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Na ukafunga mdomo kwa mkono!" Akidi alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili, na Nalugwa akaogopa kwamba kicheko ndicho kitakachomdhuru. "Mama, mama! Kwetu tunakula hiyo! Mwaka wa njaa bibi yangu aliipika na simsim, ule ufuta. Nilipofika huku nikakuta kwenu ni dawa, nikanyamaza, nikasema kila watu na mambo yao."

"Umekula wewe pia?"

"Nikiwa mtoto. Tangu hapo hapana." Akaacha kucheka. Akakichukua kiazi, akakigeuza. "Basi nitaponda mimi. Wewe kaa hapo unielekeze, usiguse. Kama mkono wako umechafuka, wangu ulikwisha kutakata miaka mingi."

Nalugwa hakujua kama kanuni ya mama yake iliruhusu hivyo. Haikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Lakini alipoona Akidi anainua mchi, alimzuia.

"Ngoja. Kata juu kwanza. Hapo penye jicho, lilipotoka jani. Hapo usiponde."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliwasikia askari wakiingia majini kuvichimba."

Wakaliweka jicho lile katika karai bovu la Otema, juu ya matope yaliyochotwa mtaroni, wakamwagia maji. Karai likawekwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu angedhani ni la kunyweshea kuku.

Aliyoyaogopa Nalugwa yalitimia upesi. Askari walikula, wakawaambia wenzao. Waliowauzia askari sigara wakaona, wakaenda kuwaambia wake zao. Watu wakaja na majembe, wakang'oa yaliyozaa na yasiyozaa, na hakuna aliyeziba shimo. Nalugwa alisimama upande wa huku wa reli asubuhi moja, akaona dimbwi limekuwa tope jeusi lililochafuliwa, na nyuki wachache wakizunguka mahali pasipo kitu. Hakuwachukia waliochimba, walikuwa na njaa. Alijilaumu. Mama yake hakumwambia kamwe sababu ya katazo, na labda mama mwenyewe hakuambiwa. Sasa sababu ilikuwa mbele ya macho yake. Kutokula kwao ndiko kulikokuwa siri ya mayungiyungi, na koplo, kwa ujinga wake wote, alikuwa amesikia sawasawa.

Akidi alijifungua katika hospitali ya Mulago, mtoto wa kike, mwembamba mwenye sauti kubwa. Alimpa jina la Akwero.

"Kwetu ni jina la kukataa," alimwambia Nalugwa. "Kwa ajili yako, mama. Ulikataa kula, ukakataa kututaja."

"Nilikula, mwanangu."

"Ulikataa kwanza."

Haukupita muda, Otema akaamua kuipeleka familia kwao kaskazini, kimyakimya, kila mtu na basi lake. Kama walifika, na walikuta nini, Nalugwa hakupata kujua kwa miaka mingi. Akidi alimwachia karai. Ndani yake yalikuwa yameelea majani mawili, madogo kama sarafu.

Alilibeba kichwani kuelekea Namuwongo, amelifunika kwa jani la mgomba, akitembea taratibu maji yasimwagike. Kwenye kivuko cha reli koplo yuleyule alikuwa amesimama, na alimtambua kutoka mbali.

"Mama Siri! Leo iko siri gani?"

Nalugwa akasimama. Koplo akainua jani la mgomba kwa kidole, akachungulia, akaona maji, matope, na vijani viwili. Akanusa.

"Hii nini? Hii nakula?"

Akisema inaliwa, karai lingemalizika palepale. Akisema hailiwi, angekuwa amesema uongo, na hakutaka kuanza kazi hiyo katika umri wake. Ulimi wake ukataka kwenda Old Kampala. Akauzuia.

"Mimi hapana kula, afande," alisema.

Koplo akacheka, akamwambia mwenzake kwamba mama huyu sasa amejua Kiswahili. Kisha akarudisha jani la mgomba mahali pake, akamwashiria apite.